Mpangaji Asiyehesabiwa: Sera za Nyumba na Chanzo cha Ukosefu wa Makazi katika Miji ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya sera za nyumba na ukosefu wa makazi katika miji minne ya Afrika Mashariki: Kampala, Kigali, Nairobi na Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya wakazi wa mitaa ya kipato cha chini ni wapangaji wa chumba kimoja au viwili, ilhali sheria za fidia na miradi mingi ya nyumba imejengwa juu ya dhana ya mwenye nyumba. Kwa sababu hiyo, hatua inayokusudiwa kuongeza nyumba bora huweza kuwaondoa watu wengi katika makazi waliyokuwa nayo bila majina yao kuingia katika daftari lolote. Makala yanalinganisha miradi ya viwanja vilivyopimwa ya miaka ya 1970, uhamishaji wa wakazi wa Nakawa-Naguru, Kangondo na Kibera, pamoja na ujenzi mpya wa Magomeni Kota. Mwisho, yanapendekeza kwamba orodha ya kaya iwe sharti la kwanza la kila uhamishaji, na kwamba orodha hiyo ipewe nguvu ya kisheria.

Maneno muhimu: ukosefu wa makazi, mpangaji, fidia, uhamishaji, sera za nyumba

1.0 Utangulizi

Tuchukue nyumba moja ya kawaida katika mtaa wa zamani wa Dar es Salaam, ile inayojulikana kama nyumba ya Kiswahili. Ina korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua wa nyuma penye jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba anakaa katika chumba kimoja au viwili na vilivyosalia amevipangisha. Nyumba za namna hiyo zipo Kariakoo na Magomeni, na zipo pia Buyenzi mjini Bujumbura. Kampala ina muundo wake, yaani safu ya vyumba vinavyotazamana na ua mmoja, ambavyo wenyeji huviita mizigo. Nairobi ina vyumba vya mabati vya Kibera na Mukuru, na ina maghorofa ya vyumba kimoja kimoja katika mitaa kama Dandora na Pipeline. Miundo hii inatofautiana, lakini katika yote chumba ndicho makazi ya kaya, na nyumba ni mali ya mtu mwingine.

Sasa tuseme barabara inapanuliwa na nyumba ile ya vyumba sita inapaswa kubomolewa. Mthamini anafika, anapima kuta, anaandika aina ya paa na sakafu, na kujaza fomu moja yenye jina moja. Fidia ikilipwa, inalipwa kwa jina hilo. Siku ya kubomoa, wanaotoa vitanda na masufuria nje ni kaya tano au sita. Katika taarifa ya mradi huandikwa kwamba nyumba moja imeathirika na mwenyewe amelipwa. Taarifa hiyo ni sahihi kwa kila neno lake, na bado haisemi lolote kuhusu watu wengi zaidi waliopoteza mahali pa kulala.

Makala haya yanahusu pengo hilo baina ya nyumba iliyohesabiwa na kaya isiyohesabiwa. Yanalenga kuonesha kwamba ukosefu wa makazi katika miji yetu hauwezi kuelezwa kwa uhaba wa nyumba na umaskini peke yake. Sera zenyewe, kwa namna zinavyomtambua mtu mmoja na kumwacha mwingine, ni miongoni mwa vyanzo vyake.

2.0 Istilahi na Mipaka ya Mada

Kwa mazoea, maneno “asiye na makazi” humletea msikilizaji picha ya mtu anayelala barazani mwa duka au kituo cha basi. Watu hao wapo, na sensa za karibuni, ikiwemo ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zilipanga usiku maalumu wa kuwahesabu. Hata hivyo, kaya inayofukuzwa katika chumba chake mara nyingi haiendi barabarani. Baba anahifadhiwa na mfanyakazi mwenzake, mama na mtoto mchanga wanakwenda kwa dada yake, watoto wakubwa wanarudishwa kijijini kwa bibi. Kila mmoja amepata paa, ila kaya haipo tena. Sensa itawakuta wote ndani ya nyumba za watu na kuwaandika kama wageni au jamaa wa kaya nyingine. Makala haya yanauita ukosefu wa makazi wa aina hii ukosefu uliofichika, na ndio unaoshughulikiwa hapa.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi hupima makazi duni kwa vigezo vitano: uimara wa jengo, nafasi ya kutosha (yaani watu wasiozidi watatu katika chumba kimoja), maji salama, choo kinachofaa, na usalama wa umiliki au ukaaji. Vigezo vinne vya kwanza huonekana kwa macho. Cha tano hakionekani, na ndicho ambacho mpangaji hukikosa hata anapokaa katika chumba cha matofali chenye umeme na maji.

Lugha ya kiutawala nayo ina mchango wake. Mtu anayeitwa “mkazi” ana haki ya kushirikishwa. Anayeitwa “mvamizi” ana wajibu wa kuondoka. Katika mitaa iliyojengwa bila kupimwa, jina la pili hutumika kwa watu wote bila kutofautisha aliyejenga na aliyepanga, ingawa aliyepanga hakuvamia chochote: alimkuta mwenye kibanda, wakaelewana bei, akalipa. Inafaa pia kukumbuka kwamba Kiswahili kina neno moja, “mpangaji”, kwa mtu anayekodi chumba na kwa mtaalamu anayepanga mji. Katika ofisi nyingi watu hao wawili hawajawahi kukaa meza moja.

3.0 Namna Chumba Kinavyopotea

Umaskini peke yake hautoshi kueleza kwa nini mtu hana pa kulala. Mkulima maskini sana wa kijijini kwa kawaida ana nyumba, hata ikiwa ya udongo, kwa kuwa ardhi ya ukoo inamruhusu kujenga. Mjini, makazi hununuliwa kila mwezi. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa ni hili: ni mambo gani yanayokata mkondo huo wa malipo, au yanayokiondoa chumba chenyewe?

Jambo la kwanza ni kodi ya pango na utaratibu wa kuilipa. Jijini Dar es Salaam imekuwa desturi kwa mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mchuuzi anayepata fedha kwa siku hulazimika kukopa au kucheza upatu ili apate chumba. Ugonjwa ukiingia katika mwezi ambao mkataba unamalizika, kinachokosekana ni mtaji wa nusu mwaka, wala si kodi ya mwezi mmoja tu. Mtu mwenye uwezo wa kulipa kila mwezi anaweza hivyo kukosa makazi kwa sababu ya ratiba ya malipo.

Jambo la pili ni mabadiliko ndani ya kaya. Chumba hupangishwa kwa jina la mtu mmoja, mara nyingi mwanamume. Akifariki, au ndoa ikivunjika, mjane au mtalaka hubaki na watoto katika chumba ambacho hana makubaliano nacho. Mjane wa mwenye nyumba anaweza kufungua shauri la mirathi, lakini upangaji wa maneno matupu haurithiwi.

Jambo la tatu ni majanga na vita. Mafuriko ya masika ya mwaka 2024 yaliwatoa watu wengi katika mabonde ya mito ya Nairobi, hususan Mathare na Mukuru, kisha ubomoaji wa majengo yaliyokuwa kandokando ya mito ukafuata. Serikali ya Kenya iliahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya iliyoathirika. Kiasi hicho ni kidogo, ila kipimo kilichotumika, yaani kaya, kinastahili kuzingatiwa. Mjini Goma, mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 uliteketeza maelfu ya nyumba. Mwenye kiwanja hubaki na ardhi chini ya lava iliyopoa na anaweza kutumaini kujenga tena. Mpangaji hana cha kurudia.

Jambo la nne, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni hatua za serikali na wawekezaji: upanuzi wa barabara, usafishaji wa mabonde, ujenzi mpya wa mitaa ya zamani, na miradi ya nyumba bora. Tofauti na majanga, hatua hizi hupangwa miezi au miaka kabla. Kila kaya inayopoteza makazi kwa njia hii ilikuwa inaweza kujulikana mapema.

4.0 Sera za Nyumba na Matokeo Yake

4.1 Viwanja vilivyopimwa

Katika miaka ya 1960, serikali nyingi za kanda hii ziliona mitaa duni kama aibu ya kuondolewa. Tanzania iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba za udongo na kujenga za matofali mahali palepale. Ilibainika baadaye kwamba fedha nyingi zilitumika huku idadi ya nyumba ikiongezeka kidogo tu, kwa kuwa kila nyumba mpya ilichukua nafasi ya ile iliyovunjwa.

Fikra mpya ilikuja katika miaka ya 1970 kwa msaada wa mikopo ya Benki ya Dunia: serikali ipime viwanja, ilete maji na barabara, na mwananchi ajenge mwenyewe. Dar es Salaam ilipata viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na mtaa wa Manzese ukaboreshwa bila kuvunjwa. Nairobi, mradi wa Dandora ulioidhinishwa mwaka 1975 ulikuwa na viwanja 6,000. Miradi hii ilizalisha nyumba nyingi kuliko njia iliyotangulia, na katika hilo ilifaulu.

Lakini mlengwa aliyetajwa katika maandishi, yaani mfanyakazi wa kipato cha chini, alifikiwa kwa sehemu tu. Viwanja vingi vya Sinza na Mikocheni viliishia mikononi mwa watu wenye kipato cha juu zaidi. Dandora, waliopewa viwanja wengi walijenga vyumba vya kupangisha, baadhi wakauza, na baada ya muda maghorofa ya vyumba yakapanda juu ya viwanja vilivyokusudiwa kaya moja. Matokeo hayo yamekuwa yakielezwa kama upotofu wa mradi. Makala haya yanayaona tofauti: Dandora ilikuwa mojawapo ya miradi iliyozalisha vyumba vingi zaidi vya kupanga Nairobi, na kasoro yake ni kwamba wapangaji hao hawakuwemo katika mpango. Hapakuwa na kiwango cha watu kwa choo, wala cha mwanga kwa chumba, wala utaratibu wa kodi, kwa sababu kwenye karatasi hapakuwa na mpangaji.

Mradi wa viwanja 20,000 ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 2002 ulirudia somo hilo kwa namna nyingine. Viwanja vilipimwa pembezoni mwa jiji, kama vile Kibada, Tuangoma, Bunju na Buyuni, na vilinunuliwa haraka. Vingi vilikaa miaka bila kujengwa, vikiwa akiba ya thamani ya wenye fedha, wakati aliyehitaji chumba karibu na soko au bandari aliendelea kukitafuta bondeni.

4.2 Nakawa-Naguru, Kampala

Nakawa na Naguru zilikuwa nyumba za umma zilizojengwa Kampala wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Mwaka 2007 serikali ya Uganda iliingia makubaliano na mwekezaji binafsi ili mahali hapo pajengwe mji mdogo wa kisasa. Wapangaji, zaidi ya kaya 1,700, waliorodheshwa na kuahidiwa kipaumbele katika nyumba mpya. Mwezi Julai 2011 nyumba zilibomolewa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2013. Maghorofa machache yalianza kuinuka, kisha kazi ikasimama, na mwaka 2022 suala la ugawaji wa ardhi hiyo kwa wawekezaji wengine likawa hoja ya uchunguzi bungeni.

Kwa mtafiti, tukio hili lina uzito wa pekee. Wapangaji wa Nakawa-Naguru walikuwa na kile ambacho wapangaji wengi hawana: mwenye nyumba wa umma, orodha ya majina, na ahadi iliyotamkwa hadharani. Walikosa kitu kimoja tu, yaani kifungu cha sheria ambacho kingemfanya mwekezaji apoteze ardhi, au serikali ilipe kodi yao, kwa kila mwaka wa kuchelewa. Gharama yote ya ucheleweshaji iliwaangukia waliohamishwa.

4.3 Kangondo na Busanza, Kigali

Kigali imefuata njia ya utaratibu zaidi. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2015 kuhusu utwaaji wa mali kwa manufaa ya umma inataka fidia ilipwe kwa bei ya soko kabla ya mtu kuhama, pamoja na nyongeza ya asilimia 5 kwa ajili ya usumbufu. Kuhamishwa kwa wakazi wa Kangondo na Kibiraro, eneo lililojulikana kwa jina la Bannyahe, kulileta mzozo kwa sababu wenye mali walitengewa nyumba katika mradi mpya wa Busanza badala ya fedha taslimu. Baadhi walikwenda mahakamani. Uhamisho ulikamilika mwaka 2022.

Mjadala wa hadharani ulihusu zaidi thamani ya mali na haki ya kuchagua kati ya fedha na nyumba. Ndani yake kulikuwa na jambo lililozungumzwa kidogo. Mwenye nyumba wa Kangondo mara nyingi aliishi kwa kodi ya vyumba alivyopangisha, na nyumba ya Busanza ilimpa makazi bila kumpa kipato hicho. Mwenzake wa upande wa pili wa ua, aliyekuwa akilipa kodi hiyo, hakuwa sehemu ya mabadilishano hata kidogo, kwani nyumba ziligawiwa kwa wenye mali. Nyumba za Busanza ni bora kuliko zilizovunjwa, na hilo lisipuuzwe. Pamoja na hayo, kulinganisha majengo mapya na ya zamani hakuwezi kutueleza idadi ya kaya zilizohamia vyumba vya bei nafuu katika vilima vya mbali zaidi na kazi zao.

4.4 Soweto Mashariki, Kibera

Mpango wa Kenya wa Kuboresha Makazi Duni, uliotiwa saini na Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi mwaka 2003, ulichukua hatua adimu: uliwahesabu wapangaji. Katika kijiji cha Soweto Mashariki kaya ziliandikishwa, zikapewa vitambulisho, na zikahimizwa kuunda vyama vya ushirika vya kuweka akiba. Mwezi Septemba 2009 kundi la kwanza lilihamia nyumba 600 za muda Lang’ata, familia zikigawana nyumba moja kwa vyumba, ili eneo lao lijengwe. Nyumba 822 za kudumu ziligawiwa mwaka 2016.

Upinzani mkali ulitoka kwa wenye vibanda, ambao waliona wapangaji wao wakigeuzwa kuwa wamiliki huku wao wakiachwa, nao wakaenda mahakamani. Mradi ulichelewa. Aidha, baadhi ya waliopata nyumba walizipangisha na kurudi katika vyumba vya mabati. Wakosoaji hulitumia jambo hili kuthibitisha kwamba maskini hathamini nyumba bora. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni ya kihesabu: nyumba yenye malipo ya kila mwezi, maji ya mita na umeme wa kununua ni mzigo kwa kaya isiyo na mshahara, na tofauti kati ya kodi inayopokewa na kodi ya kibanda ni ada ya shule. Somo la Soweto Mashariki ni kwamba kumhesabu mpangaji kunawezekana, ila kumfanya mmiliki si njia pekee, wala si lazima iwe njia bora, ya kumhakikishia makazi.

4.5 Magomeni Kota, Dar es Salaam

Magomeni Kota ni mfano unaofaa kuwekwa kando ya Nakawa-Naguru. Hapa pia palikuwa na nyumba za umma, wapangaji wa muda mrefu, uamuzi wa kuwaondoa ili pajengwe upya, na kiwanja kilichobaki kitupu kwa miaka. Wakazi wa kaya 644 waliendelea kudai kwa pamoja ahadi ya kurudishwa. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza wajengewe nyumba kwa fedha za serikali na kueleza kwamba wangekaa miaka 5 bila kodi. Maghorofa yalizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2022, na wakazi walioorodheshwa wakarejea.

Kwa nini Magomeni walirudi na Nakawa hawakurudi? Orodha zilikuwepo pande zote mbili. Tofauti ilikuwa fedha za umma na agizo la kiongozi wa nchi. Jibu hilo linafurahisha kwa Magomeni, lakini linatia wasiwasi kwa sera, maana haki iliyotegemea ziara ya Rais haiwezi kuandikwa katika mpango wa maendeleo. Ikumbukwe pia kwamba kati ya kuondolewa na kurejea ilipita takriban miaka 10. Mtoto aliyeondoka Magomeni akiwa darasa la kwanza alirudi akiwa amemaliza shule.

5.0 Sheria Zinamtambua Nani?

Kanuni za fidia za Tanzania za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi, zina fomula iliyo wazi. Pamoja na thamani ya jengo, mhamishwaji hulipwa posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokokotolewa kwa gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 kwa umbali wa kilometa 20, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya soko ya jengo kwa mwezi mara miezi 36. Mtunga kanuni alielewa vyema kwamba aliyevunjiwa nyumba atahitaji kupanga kwingine huku akijenga. Hata hivyo, kwa kawaida posho hizo hulipwa kwa mwenye jengo. Anayehitaji kupanga kwa hakika, kwa kuwa hana uwezo wa kujenga, hapati hata gharama ya mkokoteni.

Kenya imekwenda mbele katika ngazi ya Katiba. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inatambua haki ya kila mtu kupata makazi ya kutosha, na marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yanataka notisi ya maandishi ya miezi isiyopungua mitatu kabla ya kuwaondoa watu. Katika shauri la wakazi wa kijiji cha Mitumba, kilichobomolewa mwaka 2011 karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2021 kwamba watu waliokaa muda mrefu katika ardhi ya umma, wakajenga maskani na kulea familia, wanaweza kudai ulinzi wa haki ya makazi hata bila hati. Msingi wa hukumu hiyo ni ukaaji, si umiliki, na kwa hiyo unafungua mlango kwa mpangaji. Upande wa pili, sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho bei za leo zimekiacha nyuma sana.

Uganda ilipitisha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, inayozuia kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Tanzania, kwa upande wake, ilikwisha kufuta sheria yake ya udhibiti wa kodi katika miaka ya 2000. Sheria za namna hii, zinapokuwepo, humlinda mpangaji dhidi ya mwenye nyumba. Hazimlindi pale mwenye nyumba mwenyewe anapoondolewa.

Kuna pia tofauti inayotokana na chanzo cha fedha. Masharti ya kijamii ya Benki ya Dunia yanayotumika tangu mwaka 2018 yanawatambua watu wanaohamishwa hata kama hawana haki ya kisheria juu ya ardhi, na yanadai wasaidiwe. Basi wapangaji wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuhamishwa na barabara mbili: mmoja akahesabiwa kwa sababu barabara yake imekopewa, mwingine asihesabiwe kwa sababu barabara yake imejengwa kwa kodi za wananchi. Si rahisi kuieleza hali hiyo kwa mwananchi anayelipa kodi.

6.0 Mapendekezo na Pingamizi

Pendekezo la kwanza ni kwamba kila uhamishaji uanze na orodha ya kaya. Orodha hiyo haihitaji taasisi mpya. Ofisi ya serikali ya mtaa nchini Tanzania, mwenyekiti wa halmashauri ya mtaa ya ngazi ya kwanza nchini Uganda, kiongozi wa mudugudu nchini Rwanda na mzee wa mtaa nchini Kenya wanawajua wapangaji wao, na huwaandikia barua za utambulisho wanapotafuta kazi au mkopo. Mpangaji anafahamika katika ofisi iliyo umbali wa hatua mia moja kutoka anapofanyia kazi mthamini. Kinachohitajika ni sharti kwamba hati ya uthamini isikubaliwe bila kuambatishwa orodha hiyo.

Pendekezo la pili ni kuigawa posho ya makazi. Sehemu inayohusu kupanga kwingine na kusafirisha mizigo imfuate anayehama, na thamani ya jengo ibaki kwa mwenye jengo. Kodi ya miezi sita ya chumba kimoja, ikilipwa kabla ya siku ya kubomoa, inaweza kuizuia kaya isitawanyike.

Pendekezo la tatu ni kuipa ahadi ya kurejeshwa muda na adhabu. Mkataba wowote wa kujenga upya nyumba za umma utaje tarehe ya kurejea, na utaje nani atalipa kodi ya waliohamishwa endapo tarehe hiyo itapita.

Pendekezo la nne ni kukitambua chumba cha kupanga kama makazi halali yanayostahili viwango. Fedha za miradi ya nyumba nafuu, ikiwemo tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara iliyowekwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2024, zingefika mbali zaidi iwapo sehemu yake ingewakopesha wenye nyumba ndogondogo ili waongeze vyumba, vyoo na maji, kwa sharti la mikataba ya maandishi na kodi ya kila mwezi.

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni gharama: kumlipa kila mpangaji kutaongeza bajeti ya mradi. Ni kweli, lakini gharama hiyo ipo tayari. Leo inalipwa na dada aliyewapokea wageni wanne katika chumba kimoja, na shule ya kijijini iliyopokea wanafunzi katikati ya muhula. Bajeti ya mradi ingeiweka tu mahali inapoonekana.

Ya pili ni udanganyifu: tukitangaza kwamba wapangaji watalipwa, kaya hewa zitaota usiku mmoja kama wafanyakazi hewa walivyowahi kuota katika orodha za mishahara. Hofu hii ina msingi, na inajibiwa kwa utaratibu. Uandikishaji ufanyike kwa siku chache, tarehe yake ya mwisho itangazwe baada ya zoezi na si kabla, orodha ibandikwe ubaoni mtaani, na majirani wapewe muda wa kupinga. Soweto Mashariki ilionesha kwamba kazi hiyo inawezekana katika mojawapo ya mitaa yenye msongamano mkubwa kabisa.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sera za nyumba za kanda yetu zimepimwa kwa muda mrefu kwa kutazama mlango: idadi ya viwanja vilivyopimwa, maghorofa yaliyozinduliwa, hati zilizotolewa. Makala haya yameonesha kwamba ndani ya kila nyumba inayohesabiwa kuna kaya kadhaa zisizohesabiwa, na kwamba tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndipo ukosefu wa makazi unapozaliwa. Dandora inafundisha kwamba mpangaji asiyepangiwa hujipangia mwenyewe. Nakawa-Naguru inafundisha kwamba orodha bila sheria ni karatasi. Magomeni Kota inafundisha kwamba kurejea kunawezekana, na Kigali kwamba hata utaratibu mzuri humwacha nje yule ambaye haukumtaja.

Mshauri wa sera anayepelekewa mradi wa uhamishaji ana jambo moja analoweza kulifanya kabla ya kutia saini, ambalo halihitaji sheria mpya wala mkopo. Aulize: katika nyumba hizi, wanaolala usiku wa leo ni kaya ngapi, na orodha ya majina yao iko wapi? Ikiwa jibu halipo, mradi huo haujawa tayari.